Bakuli la Zelpha Maddux Lililorudi Limejaa

Majirani wa bonde la Pruitt Fork, na ninyi mliovuka mlima kwa barabara hii ya matope, mimi ni Vesta, binti wa marehemu, mnanijua wote, ndiye ninayewachunia na kuwakatia kulungu wenu kila Novemba, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu kabla hatujampandisha makaburini. Mchungaji ameniomba nisizidi dakika tano. Mama aliishi miaka sabini na minne, kwa hiyo nitasoma mpaka karatasi ziishe, na mwenye haraka mlango anaujua. Ninajua pia kwamba si wote mliofika hapa mmefika kwa kulia, wapo waliokuja kusikiliza kama nitalitaja bakuli la Januari 1931 au nitaliruka kama wengine wanavyolirukaga mbele yetu na kulitaja nyuma yetu. Sitaliruka. Lakini litakuja kwa zamu yake, maana kabla ya bakuli kulikuwa na mtu.

Zelpha Orlena Crabtree alizaliwa Jumanne tarehe 3 Novemba 1896, katika nyumba ya magogo iliyokuwa juu ya chemchemi ya Low Gap, mtoto wa nne wa mzee Elihu Crabtree, mtega mitego, na mkewe Malinda, na mkunga aliyemzalisha alilipwa ngozi mbili za rakuni, yule mnyama wa usiku mwenye mkia wa pete, na paja la kulungu, hilo mama alikuwa akilisema kwa majivuno, kwamba yeye aliingia duniani kwa bei ya nyama halali na kila mtu aliiona.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Low Gap majira matatu ya baridi, kuanzia 1904, akaacha Februari 1907 mama yake alipofariki, akarudi nyumbani kuwapikia baba na kaka zake. Shule iliyobaki aliimalizia ukutani. Wazee mnakumbuka nyumba zetu zilivyokuwa zikibandikwa magazeti kwa uji wa unga ili upepo usipite, basi yeye aliyasoma magazeti hayo kutoka sakafuni mpaka darini, na yaliyobandikwa kichwa chini akayasoma hivyohivyo, na mimi alinifundisha kusoma kwa kuta zilezile, ndiyo maana mpaka leo naweza kusoma barua ya mtu nikiwa nimekaa mbele yake, na wengine mmeshaligundua hilo mkachelewa.

Kazi yake ya kwanza na aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mitego. Babu Elihu alimfundisha kutega kando ya kijito, kusoma nyayo kwenye matope, kumwinda kindi bila kuharibu kichwa, kumtoa kobe wa majini kwenye gamba lake, na zaidi ya yote alimfundisha kuwa nyama ya porini ni jambo la kuaminiana, na kwa kuwa binadamu haaminiki, ina sheria. Rakuni lazima atolewe tezi chini ya makwapa na kiunoni, usipozitoa jiko zima linanuka na mla anakujua wewe ni mvivu. Oposumu, kwa kuwa hula mizoga, haliwi siku aliyokamatwa, anafungiwa kwenye pipa siku kumi na kulishwa mkate wa mahindi na maziwa mgando mpaka tumbo lake liwe safi. Mboga ile ya mwituni yenye shina jekundu, kwa kuwa ina sumu, huchemshwa, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena, na anayekukaribisha mboga hiyo sharti akuonyeshe sufuria mbili. Na sheria kubwa kuliko zote, ambayo hakuna mtu wa bonde hili asiyeijua, mnyama akishachunwa unamwachia mguu mmoja wenye manyoya, sungura aachiwe wa nyuma na rakuni wowote ule, kwa sababu sungura aliyechunwa na paka aliyechunwa ni mapacha, na rakuni bila ngozi hana tofauti na mbwa mdogo. Mguu ndio shahidi. Unakwenda nao mpaka mezani, unalala ukingoni mwa bakuli, wageni wanauona, ndipo wanachukua vijiko.

Sheria hii mama hakuifuata tu, aliilinda kama askari. Mwaka 1928 mchuuzi mmoja alimletea sungura wawili waliochunwa kuanzia puani mpaka mkiani, bila mguu, akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni sungura, na mama aliwachukua akawatupa barabarani mbele ya farasi wake akamwambia, "Paka wako kampelekee mtu asiyewahi kufuga paka." Maneno hayo yalizunguka bonde zima, watu wakacheka mwaka mzima, na baadaye yakarudi kwake kama jiwe lililorushwa juu.

Ndoa yake na Arvil Maddux, mkata mataruma ya reli, ilifungwa katika kanisa hili hili Jumapili ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1914, nao walijaliwa watoto wanne, Hobart mwaka 1916, aliyefika jana kwa basi, mimi Vesta mwaka 1919, Leland mwaka 1922, aliyeishi wiki sita na ambaye leo mama anakwenda kulala ubavuni mwake, na Ruby Nell mwaka 1925. Baba yetu aliangukiwa na mwaloni tarehe 9 Oktoba 1929, akafa siku hiyo hiyo, na mama akabaki mjane mwenye mitego arobaini ya chuma, mbuzi mmoja na midomo mitatu.

Kisha ukaja ukame wa 1930. Vijana mmezaliwa mvua ikinyesha, hamwezi kujua, kuanzia Juni mpaka majani yalipoanza kudondoka hatukupata mvua ya kulowesha shati, mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, kijito kikawa njia ya mawe, ng'ombe waliuzwa kwa aliyekubali kuwachukua, na Krismasi ilipofika watu wa bonde hili walikuwa wakila vitu ambavyo leo wanasema babu zao hawakuwahi kuvigusa. Walikula. Mimi niliwaona. Walikula wale wanyama wanene wa mashimoni, walikula kunguru waliowaita kware, walisaga mbegu za mwaloni wakaziloweka wiki nzima zipunguze uchungu, walikaanga punje za mahindi mpaka zikawa nyeusi wakaziita kahawa, na zaidi ya nusu ya nyama halisi iliyoingia katika nyumba za bonde hili majira yale ya baridi ilitoka katika mitego ya mama yangu, aliyekuwa akitembea maili tisa kila asubuhi kuizungukia, na aliyebadilishana na kila mtu kwa alichonacho, chumvi, sindano, gunia tupu, na asiyekuwa na kitu alipewa. Kila mnyama aliyetoka mikononi mwake alitoka na mguu wake.

Sasa tumefika.

Jumatano tarehe 14 Januari 1931 mama alikamata rakuni mmoja mzuri, dume lenye mafuta, akamchuna mezani kwetu nikiwa nimeshika taa, akasema huyu ni wa karamu ya kanisa ya Jumapili, karamu ambayo kila nyumba ilileta bakuli na hakuna aliyethubutu kwenda mikono mitupu. Rakuni huyo aliachiwa mguu. Tena si mmoja, alikuwa bado na minne, maana mama alikuwa na desturi ya kukata mitatu dakika ya mwisho. Alhamisi alasiri, mama akidhani niko mtoni, mimi nilikuwa nimelala juu ya dari penye karanga za porini, nikamwona kupitia ufa akiikata miguu yote minne, mmoja baada ya mwingine, akaifunga kwa kipande cha gunia la unga, akatoka nayo, akarudi mikono mitupu. Sikumuuliza. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hamuulizi mama yake anachokikata. Lakini nilishangaa, na Jumamosi mshangao wangu ulipata mahali pa kukaa.

Jumamosi Lonzo Hatcher, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alirudi kutoka kambi ya mataruma alikokuwa akishinda wiki nzima, akakuta mbwa wake wa kuwinda hayupo. Mbwa huyo aliitwa Tarumbeta, mbwa mrefu mwenye masikio ya kufagia umande, na Lonzo alimpenda kwa namna ambayo majirani waliicheka kimyakimya, maana katika ukame ule ule ambao watoto wake saba walikuwa na vichwa vikubwa kuliko miili, mbwa alikuwa akipewa mkate wa mahindi kabla meza haijatandikwa. Lonzo alizunguka bonde lote akiita mpaka sauti ikamkauka. Alipita na kwetu, akamuuliza mama kama amemwona, na mama, macho yake kwenye ndoo, akamjibu hajamwona.

Jumapili, karamu. Mama alipeleka rakuni aliyeokwa na viazi vitamu na pilipili nyekundu, amekatwa vipande, bakuli la udongo la bluu limejaa mpaka juu, na watu hawakuuliza kitu, njaa haina adabu, walikula mpaka wakafuta mchuzi kwa mkate. Walipomaliza ndipo mzee wa kanisa mmoja, sitamtaja, ni marehemu na wajukuu wake wako hapa, akaangalia ukingo wa bakuli akauliza mguu uko wapi. Mama alisema amesahau. Zelpha Crabtree Maddux, aliyemtupia mchuuzi sungura wake barabarani, amesahau mguu. Hakuna aliyeamini, na mimi, mtoto wake, niliamini kuliko wote kwamba ni uongo, maana nilikuwa nimeona.

Ndipo Lonzo Hatcher aliposimama, kofia mkononi, akasema maneno ambayo wengi wenu mmeyasikia yakirudiwa vibaya, kwa hiyo nitayasema yalivyosemwa. "Dada Zelpha, jana kwangu tumekula rakuni. Icie wangu alimtega mwenyewe. Mguu ulikuwa ukingoni mwa sahani, wanangu wote wameuona. Mimi mbwa wangu amepotea, na wewe mguu wako umepotea. Sasa niambie, hapa tumekula nani?"

Mama alimtazama Lonzo, kisha akamtazama Icie, mke wa Lonzo, aliyekuwa amekaa benchi la pili na mtoto mchanga kifuani, kisha akachukua bakuli lake tupu akasema, "Nimeshasema nimesahau, Ndugu Lonzo," akatushika mikono tukatoka. Wanawake wawili walitapika uani. Mtazamo ule wa mama nilidhani ni hatia. Nilidhani mama anamtazama Icie kama mwizi anavyomtazama mke wa aliyemwibia.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita mama mwizi mbele ya uso wake, hatukupewa hata nafasi hiyo ya kujibu. Watu waliacha kubadilishana naye nyama, wakasema asante, tunayo, na wakati huo hawakuwa nayo. Shuleni nilikuwa nikiulizwa, "Vesta, leo mmekula nani?" na nilimvunja mtoto mmoja jino kwa swali hilo, yupo hapa, jino lake la dhahabu linang'aa. Wavulana walikuwa wakibweka mama akipita. Kila Mei, siku ya kusafisha makaburi, wanawake wanapotandika meza ndefu chini ya mierezi, mama alipeleka bakuli lake la bluu, lilelile, wakalipokea kwa tabasamu, wakaliweka mwisho wa meza, na jioni likarudi limejaa. Miaka arobaini, mara arobaini, nimehesabu. Alipeleka kuku, kuku wa shambani ambaye kila mtu alimwona akikimbia, likarudi limejaa. Alipeleka maharage matupu, likarudi limejaa. Mwaka 1946 aliomba kazi ya kupika shuleni, kazi aliyoiweza kuliko mtu yeyote wa kaunti hii, wakamwambia nafasi imejaa, na wiki iliyofuata tangazo la nafasi ile ile lilikuwa bado limebandikwa kwenye mlango wa duka. Nililisoma. Ndipo akaenda kumenya nyanya katika kiwanda cha makopo cha huko chini, kuanzia Julai 1947 mpaka Septemba 1961, amesimama, mikono imeliwa na maji ya nyanya mpaka kucha zikawa laini, katika kazi ambayo jina la mpikaji haliandikwi juu ya kopo.

Mara moja tu nilimuuliza. Ilikuwa 1938, siku ya harusi yangu iliyohudhuriwa na watu kumi na wawili. Nikamwambia, mama, sema kitu kimoja, sema yule alikuwa rakuni, nitakuamini. Akanirekebisha shela, akaniambia, "Ulishika taa, Vesta. Ulimwona akiwa na ngozi." Nikamwambia nilimwona Jumatano, je Jumapili? Akanibana pini ya mwisho ya shela. Na mimi nikaolewa nikiwa na hasira, na hasira yenyewe mnaijua.

Marehemu alianza kuugua moyo mnamo Agosti 1968, miguu ikavimba, akatibiwa na Daktari Fenwick nyumbani, kisha akalazwa hospitali ya mjini mara tatu, ya mwisho tarehe 2 Februari mwaka huu, akaomba arudishwe nyumbani tarehe 11, na Jumatatu tarehe 15 Februari 1971, saa nne asubuhi, akiwa ameegemea mito, baada ya kunywa vijiko viwili vya mchuzi wa kindi aliotengenezewa na Ruby Nell, aliaga dunia bila kupigana na mtu.

Jumanne alasiri, mimi na Ruby Nell tukiwa tunamwosha, alikuja Shangazi Icie Hatcher na fimbo yake, akaomba amwoshe miguu. Nilitaka kumfukuza. Nilidhani amekuja kuhakikisha amekufa. Alimwosha, akamkausha katikati ya vidole kama mtoto, kisha akaomba Ruby Nell atoke, akakaa juu ya sanduku la kuni akaniambia maneno ambayo nimeyaandika jioni ile ile, naye ameniruhusu kuyasoma na jina lake.

Alisema Jumatano ile ya Januari 1931, mtoto wake mchanga alikuwa na siku mbili hajapata ziwa, maana ziwa lilikuwa limekauka, na unga wa mwisho nyumbani ulikuwa umewekwa kando, Lonzo ameagiza ni wa mbwa. Alichukua shoka. Alifanya kazi hiyo nyuma ya banda, peke yake, akamchuna kama alivyoona wanaume wakichuna. Mbwa mkubwa yule alikuwa na nyama ya rakuni wanne. Lakini mume wake angerudi Jumamosi, na watoto wana macho, na nyama isiyo na mguu katika bonde hili haipiti mlangoni. Alhamisi akaja kwa mama yangu, akamwita nje. Mama alimpa nusu ya rakuni wake, Icie akakataa, akasema nyama ninayo, Zelpha, ninachokosa ni miguu. Mama akaelewa hapo hapo. Alisema, "Mmoja hautoshi, utapika mara ngapi?" Icie akasema mara nne.

Ndiyo hiyo. Lonzo Hatcher alikula mbwa wake, Jumamosi ile na Jumamosi iliyofuata, akaramba mifupa, akamsifu mke wake kwa kutega, na Jumapili iliyo katikati akasimama kanisani akamwuliza mama yangu tumekula nani. Na mama yangu, aliyekuwa na jibu mkononi, alimtazama Icie, akaona akilisema jibu hilo mwanamke yule atarudi nyumbani na mwanaume mwenye shoka, akasema amesahau.

Najua mtakachosema, maana nami nilikisema. Nilimwambia Shangazi Icie, Lonzo amekufa 1966, mbona ulikaa kimya miaka mitano mingine, au umekuja kumsafisha mama sasa hawezi kukukana, au unataka kujisafisha wewe? Sikumwamini. Mimi simwamini mtu anayekuja na habari nzuri siku ya msiba. Nikamwuliza miguu ilikuwa mingapi, akasema minne. Nikamwuliza ilifungwa kwa kitu gani, jambo ambalo sijawahi kumwambia hata mume wangu, akasema kwa kipande cha gunia la unga lenye picha ya jogoo, na jogoo alikuwa amekatwa katikati, kichwa hakipo. Kichwa cha jogoo huyo, ndugu zangu, kilishonwa kwenye nguo yangu ya ndani majira yale, nilikivaa.

Kisha akanijibu lile la miaka mitano. "Lonzo tulipomzika nilikuja kwa mama yako, mwanangu, nikamwambia sasa basi, nitasimama niseme. Akanikatalia. Akaniambia, 'Una watoto saba, Icie. Wasije wakamkumbuka baba yao kwa hilo. Mimi nimeshazoea.' Nikamwambia hujazoea. Akaniambia, 'Basi naendelea kuzoea.'"

Nilimwambia sitasoma neno hata moja watoto wake walisikie kwa mara ya kwanza wakiwa wamekaa kwenye benchi, huo si uungwana, akawaambie kwanza. Jumatano aliwaita wote. Opal, mkubwa wao, alikuja buchani kwangu saa sita mchana, nikashika kisu vizuri nikidhani amekuja kwa ugomvi. Akasimama, akacheka mpaka akaegemea kaunta, kisha kicheko kikageuka kilio. Akasema alikuwa akikumbuka siku zote kwamba majira yale walikula rakuni mara nne katika siku kumi na mbili na baadaye hawakula tena mpaka mwaka uliofuata, na kwamba baba yake alikuwa akisema mpaka anazeeka hajapata tena rakuni mtamu vile. Akasema, "Soma, Vesta. Mama amebeba vya kutosha, na wako amebeba vyake na vya wangu." Basi nimesoma.

Limebaki moja, na ni langu. Nimewasema ninyi kwa bakuli lililorudi limejaa mara arobaini, na mna haki ya kuuliza nyumbani lililiwa na nani. Alilila mama, na Hobart kabla hajaondoka, na Ruby Nell. Mimi nilikula viazi. Tangu Jumapili ile mpaka naolewa, na baada ya hapo kila nilipokwenda kumsalimia, nyama iliyotoka mkononi mwa mama yangu niliisogeza ukingoni mwa sahani nikasema nimeshiba, mimi ninayejiita mtu wa haki, mimi niliyevunja mtoto wa watu jino kwa ajili yake. Mlikuwa mnamshuku mara moja kwa mwaka. Mimi nilimshuku mara tatu kwa siku. Naye aliona, mtu anayekumbuka mitego arobaini gizani haoni vipande vitano kwenye sahani ya mwanawe? Alikuwa akivuta sahani yangu, anavila vile vipande mwenyewe, polepole, kimoja kimoja, mpaka vinaisha, akinitazama.

Familia inamshukuru Daktari Fenwick aliyepanda mlima huu kwenye barafu bila kuitwa mara mbili, wauguzi wa wodi ya wanawake waliomgeuza kwa mikono laini, wenzake wa kiwanda cha nyanya waliokuja leo na aproni zao mfukoni, vijana waliochimba kaburi kwenye mwamba tangu juzi, Opal Hatcher na ndugu zake sita, na Shangazi Icie, ambaye amekaa leo na familia, benchi la mbele, na atakayemtazama vibaya atanitazama na mimi. Majirani waliomkosea tunawashukuru kwa kufika. Chakula kiko nyumbani baada ya mazishi, kimepikwa na mimi, sitamlazimisha mtu.

Mama, ungeweza kuniambia. Nilikuwa damu yako, nilikuwa nimeshika taa, neno moja lingetosha na ningekula kutoka mkononi mwako miaka yote hii. Lakini ulinijua. Ulijua kwamba ningelisema siku hiyo hiyo, kwa sauti kubwa, katikati ya kanisa, nikijiita mkweli, na Icie asingelala nyumbani kwake usiku ule, kwa hiyo ukachagua mwanao akushuku kuliko kumwamini na siri ya mwenzako. Hukukosea. Pumzika kwa amani, Zelpha Orlena, na unisamehe njaa yangu ya kujitakia.